Kubeti nchini Uganda: umri ni miaka 25, si 18

Mzazi anapokuja kuuliza kuhusu kijana wake anayeshinda kwenye duka la kubeti, mara nyingi huwa ameshajijibu mwenyewe: kijana ametimiza miaka 18, ni mtu mzima, kwa hiyo hakuna sheria ya kumzuia. Wapo wengine wenye hofu ya upande wa pili. Mtoto wao ana miaka 14, amekutwa akicheza mashine ya sarafu pale senta, na wanataka kujua kama atapelekwa jela. Maswali yote mawili yana majibu katika sheria za Uganda, na majibu hayo huwashangaza wengi.

Makala hii ni kwa wakimbizi na wenyeji wanaoishi pamoja katika makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali. Inaeleza sheria kwa ujumla. Kama tayari kuna mtu wa familia yako ambaye kesi yake iko polisi au mahakamani, soma hadi mwisho uone pa kwenda kupata msaada wa kisheria bila malipo.

Kwa nini 25?

Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 ndiyo inayosimamia kamari yote nchini Uganda: kubeti mpira, kasino, mashine za sarafu, bahati nasibu, na kubeti kwa simu. Sheria hiyo iliweka umri wa chini kuwa miaka 25. Mtu ambaye hajatimiza umri huo haruhusiwi kucheza, na mwenye biashara haruhusiwi kumpokea. Ndiyo maana matangazo ya kubeti ya Uganda, yawe ya redioni au ya ukutani, hutaja 25 na kuendelea.

Mkanganyiko unatoka mbali. Nchini Kenya na Tanzania umri unaoruhusiwa ni miaka 18. Kijana aliyewahi kuishi Kakuma au Nyarugusu, au anayetazama mpira kupitia televisheni ya Kenya, amezoea kuona 18. Wale waliotoka Kongo, ambako watu wengi huita mchezo huu pari, nao wamezoea kuhesabu utu uzima kuanzia 18. Ukishavuka mpaka, sheria inayokuhusu ni ya nchi uliyomo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mkimbizi anapaswa kufuata sheria zote za nchi, sawa na mwenyeji.

Kuwa na kitambulisho peke yake hakukupi ruhusa. Mwenyeji hupata kadi yake ya taifa, ile inayoitwa Ndaga Muntu, akiwa na miaka 16. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo inayohesabiwa.

Sheria inamwadhibu nani?

Kwanza ni mwenye duka. Anatakiwa awe na leseni kutoka Bodi ya Taifa ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha, na anatakiwa ahakikishe umri wa kila anayeingia kucheza. Akimpokea asiyefikisha miaka 25 amevunja sheria, anaweza kushtakiwa, na Bodi inaweza kusimamisha au kufuta leseni yake. Ile mashine inayowekwa pembeni ya duka la sukari na sabuni, ambayo hata watoto waliotumwa chumvi hutumbukiza sarafu za chenji, nayo inahitaji leseni. Kama haina, ni haramu kwa kila mtu, hata kwa mzee wa miaka 60, na inaweza kuchukuliwa na kuharibiwa.

Wa pili ni mchezaji mwenyewe. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakidhani kwamba asiyefikisha umri ni mtu wa kulindwa tu, hawezi kuguswa. Kucheza kabla ya umri ni kuvunja sheria. Kinachotofautiana ni namna mtu anavyoshughulikiwa, na tofauti hiyo inategemea miaka yake. Tutaieleza hapa chini kwa urefu kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Wa tatu ni mtu mzima anayesaidia. Baba anayempa mtoto laini yake ya simu abeti kwa jina lake, kaka wa miaka 27 anayekwenda dirishani kumchukulia mdogo wake tiketi, jirani anayeazima kitambulisho: kwa sheria ya jinai ya Uganda, anayemsaidia mtu kutenda kosa anaweza kuhesabiwa kuwa ametenda pamoja naye. Na anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kadi isiyo yake ameongeza kosa jipya, ambalo halihusiani tena na mpira.

Kuna pia wanaowatumia watoto kazini. Tumeona mtoto akiachiwa kufagia duka la kubeti, kuandika namba za mechi, au kukusanya sarafu kwenye mashine. Sheria ya Watoto inakataza kumtumikisha mtoto katika shughuli inayodhuru afya yake, masomo yake au maadili yake. Aliyemwajiri hawezi kujitetea kwamba mtoto hakucheza.

Adhabu zenyewe zimeandikwaje

Ukisoma sheria za Uganda hutakuta faini imeandikwa kwa shilingi. Imeandikwa kwa pointi za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000. Kwa hiyo ukisikia mahakamani kwamba kosa fulani lina faini isiyozidi pointi 10, maana yake ni shilingi 200,000. Pointi 50 ni shilingi 1,000,000. Pointi 100 ni shilingi 2,000,000. Hakimu hupanga kiasi ndani ya kikomo kilichowekwa, na makosa mengi huwa na faini, au kifungo, au vyote viwili. Tangu mgao wa chakula na fedha ulipopunguzwa, familia nyingi makazini haziwezi kulipa hata pointi 10 bila kuuza kitu.

Chini ya miaka 12

Mtoto ambaye hajafikisha miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai nchini Uganda. Polisi wakimkuta kwenye mashine, wajibu wao ni kumrudisha kwa wazazi au kumkabidhi kwa afisa ustawi wa jamii. Hawezi kufunguliwa kesi, hawezi kutozwa faini, na hakuna haja ya kulipa chochote ili aachiwe. Anayestahili kuhojiwa ni mwenye mashine.

Miaka 12 hadi 17

Huyu anaweza kuitwa kujibu, lakini kwa njia ya watoto. Sheria ya Watoto inawahusu watoto wote walio Uganda, na Sheria ya Wakimbizi inarudia jambo hilohilo kwa mtoto mkimbizi. Kwa hiyo mtoto wa Kikongo, wa Kirundi au wa Kisomali ana haki zilezile za mtoto wa mwenyeji wa Isingiro au Kyegegwa.

Mtoto akikamatwa, polisi wanatakiwa kuwajulisha wazazi au walezi wake mapema iwezekanavyo, pamoja na katibu wa masuala ya watoto katika halmashauri ya eneo. Hatakiwi kukaa kituoni zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani. Hatakiwi kabisa kuwekwa chumba kimoja na watu wazima. Na polisi wana mamlaka ya kumaliza jambo dogo palepale, kwa onyo, bila kufungua kesi. Kwa mtoto aliyekutwa akibeti hiyo ndiyo njia yenye busara, na mzazi anaweza kuiomba kwa heshima, akieleza kwamba atamsimamia mtoto wake. Vituo vingi vina dawati la familia na watoto. Uliza hilo dawati kabla hujazungumza na mtu mwingine.

Kesi ikienda mbele, inasikilizwa na Mahakama ya Familia na Watoto, mlango ukiwa umefungwa. Mahakama hiyo inaweza kumwachia mtoto bila masharti, kumpa onyo, kumwachia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi. Inaweza pia kutoza faini, lakini lazima iangalie uwezo wake, na sheria inasema mtoto hawezi kuwekwa kizuizini kwa sababu ameshindwa kulipa faini. Wazazi wengi hawalijui hili, na huuza mbuzi au mabati usiku mmoja kwa hofu tu.

Kumweka mtoto kizuizini ni hatua ya mwisho kabisa. Hata ikifikia hapo, muda hauwezi kuzidi miezi 3 kwa aliye chini ya miaka 16, na miezi 12 kwa aliyevuka 16, isipokuwa kwa makosa mazito yenye adhabu ya kifo, ambayo kubeti hakumo. Kesi inayokaa zaidi ya miezi 3 baada ya mtoto kujibu mashtaka bila kumalizika inatakiwa kufutwa.

Tena, hakuna anayeruhusiwa kutangaza jina wala picha ya mtoto aliye kwenye kesi. Picha ya mtoto akiwa amechuchumaa nyuma ya gari la polisi isizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama nia ni kuwaonya wengine.

Miaka 18 hadi 24

Hawa ndio walio hatarini zaidi, na ndio tunaowaona kwa wingi kwenye madirisha ya kubeti. Kijana wa miaka 20 ni mtu mzima mbele ya sheria ya jinai, lakini ni mdogo mbele ya sheria ya kamari. Kinga zote tulizotaja hapo juu hazimfikii. Akikamatwa anawekwa na watu wazima, anafikishwa mahakama ya kawaida ya hakimu, na akitozwa faini akashindwa kuilipa anaweza kwenda jela. Rekodi ya hatia inabaki kwa jina lake.

Kwa maoni yetu, hapa sheria ina tundu. Iliwekwa ili kuwalinda vijana, na ilikuwa nia njema, lakini siku ya msako anayepandishwa kwenye gari mara nyingi ni mchezaji, wakati mwenye duka yuko mjini. Mpaka sheria ibadilike au itekelezwe kwa namna nyingine, kijana wa umri huu ajue anaposimama.

Hata hivyo ana haki zake. Katiba ya Uganda inataka aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ndugu zake wajulishwe. Na mahakamani apewe mkalimani bila malipo kama hajui lugha inayotumika. Polisi wengi wa Uganda wanazungumza Kiswahili, jambo ambalo husaidia sana kituoni, lakini hati za mahakama huandikwa kwa Kiingereza. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Omba usomewe polepole, na kama kuna kitu hukusema kimeandikwa, sema hapohapo.

Dhamana ya polisi ni bure. Fedha yoyote unayoombwa ili utolewe kwa dhamana hiyo haimo katika sheria. Mahakamani ni tofauti kidogo: hakimu anaweza kuweka masharti ya fedha na kutaka wadhamini, na ukilipa chochote huko lazima upewe risiti.

Kama hatia imethibitishwa na kosa ni dogo, kijana au wakili wake anaweza kumwomba hakimu adhabu ya kazi za jamii badala ya kifungo. Sheria ya Kazi za Jamii ya mwaka 2000 inaruhusu hivyo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2. Mtu hufanya kazi ya umma karibu na anakoishi, kisha anarudi kulala nyumbani.

Je, kosa la kubeti linaweza kumpokonya mtu hadhi ya ukimbizi? Hofu hii ni kubwa, na kuna wanaoitumia kuwatisha watu. Kumfukuza mkimbizi nchini ni jambo la ngazi ya waziri, kwa sababu za usalama wa taifa au utulivu wa umma. Tiketi ya mpira haifiki huko. Anayekuambia kwamba usipompa fedha leo atakufutia hadhi yako, anakutisha.

Tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari

Kila mfanyakazi wa makazini anaijua hii. Mtu aliyefika bila cheti wala kumbukumbu huandikishwa 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa. Wengine waliandikwa wakubwa kuliko umri wao kwa sababu ya haraka ya siku ya mapokezi, wengine kwa sababu aliyejibu alikuwa shangazi na si mama. Kwa miaka mingi kosa hilo halimsumbui mtu. Siku ya kukamatwa linasumbua: mtoto wa miaka 16 aliyeandikwa 19 kwenye karatasi ya familia ataonekana mtu mzima, na atalala na watu wazima.

Ikitokea hivyo, mzazi apinge mapema. Peleka chochote kinachoonyesha umri: kadi ya kliniki, ripoti ya shule, cheti cha ubatizo. Mahakama ikiona kwamba aliyeletwa huenda ni mtoto, inatakiwa kuchunguza umri wake, hata kwa ushahidi wa daktari, kabla ya kuendelea. Na kama hakuna kesi yoyote leo, ni afadhali kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu makazini kuomba tarehe isahihishwe wakati hakuna anayekusukuma.

Wapo wanaotaka kusahihishiwa kwa nia nyingine, yaani kuongezewa miaka ili wafikishe 25. Kutoa taarifa za uongo kwa afisa wa usajili ni kosa, na linaharibu mambo mengi kuliko kubeti: shule, faili la kupelekwa nchi ya tatu, hata urithi wa jina la familia.

Ukishinda je?

Kwenye simu, kampuni nyingi hukubali dau lako bila maswali, halafu huuliza kitambulisho siku ya kulipa. Asiyefikisha miaka 25 akifika hapo hana nguvu. Makubaliano yaliyokatazwa na sheria hayadaiwi mahakamani, na akienda kulalamika anajitaja mwenyewe. Waliotumia laini ya mtu mwingine wana tatizo la pili: fedha zikilipwa, zinaingia kwa mwenye laini. Ugomvi wa namna hii umefika kwa wenyeviti wa RWC na LC1 mara nyingi, na hauna mshindi kwa sababu hakuna upande unaoweza kuonyesha haki yake.

Mtoto akiiba ili akabeti

Kesi nyingi zinazoletwa kwa jina la kubeti, ukizichimba, ni za wizi mdogo nyumbani: fedha za mgao zilizotoka kwenye simu ya mama, mahindi yaliyouzwa bila baba kujua, simu ya jirani. Mzazi akiwa na hasira humchukua mtoto hadi polisi ili afundishwe adabu.

Tunaielewa hasira hiyo. Lakini faili likishafunguliwa, mzazi si mwenye kesi tena, na hawezi kuifuta kwa sababu amepoa. Sheria ya Watoto imeweka njia ya karibu zaidi. Wizi mdogo unaofanywa na mtoto unaweza kusikilizwa na mahakama ya halmashauri ya kijiji, ambayo inaweza kupatanisha, kuamuru fidia au kurudishwa kwa kilichoibwa, kutaka mtoto aombe radhi, au kumpa onyo. Inaweza pia kumweka chini ya uongozi wa mtu anayeheshimika kijijini kwa muda usiozidi miezi 6. Haiwezi kumfunga. Viboko havimo katika orodha hiyo, na mwenyekiti anayeamuru mtoto achapwe anajiweka yeye mwenyewe hatarini.

Kwa wakimbizi, anza kwa mwenyekiti wa RWC wa kijiji chako, naye atakuelekeza kwa LC wa eneo na kwa mashirika ya ulinzi wa mtoto. Kwa wenyeji, anza kwa LC1.

Pa kupiga na pa kwenda

Simu ya watoto ya Sauti ni 116, bila malipo, kwa mtoto mwenyewe au kwa yeyote anayemjali. Simu ya wakimbizi ya UNHCR na washirika wake ni 0800 32 32 32, nayo ni bila malipo, na unaweza kuomba mtu anayezungumza Kiswahili. Refugee Law Project, mradi wa Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Makerere, huwasaidia wakimbizi na wenyeji katika mambo ya kisheria; uliza kwenye dawati la ulinzi makazini ni siku zipi wanafika kwenu.

Ukipiga kwa sababu mtu amekamatwa, sema kwanza jina la kituo cha polisi, saa aliyokamatwa, na umri wake kama ulivyoandikwa kwenye karatasi. Kama umri huo si wa kweli, liseme hilo pia. Ukitaka kuripoti duka au mashine inayowapokea watoto, andika mahali ilipo, siku na saa ulipowaona watoto, kisha peleka polisi au kwa mwenyekiti wako. Usijaribu kuivunja mashine wewe mwenyewe, maana hapo mwenye mashine atakuwa mlalamikaji na wewe mshtakiwa.